Waliomtafuta Mtoto: Kutoka Kiungani hadi Machimbo ya Geita

Runzewe imehama mkoa bila kusogea hata hatua moja. Mji huu wa wilaya ya Bukombe, kando ya barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, ulihesabiwa chini ya Kahama hadi katikati ya miaka ya 1990, Bukombe ilipofanywa wilaya. Ukabaki Shinyanga hadi mwaka 2012, mkoa wa Geita ulipoanzishwa. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa hapa mwaka 1998 aliingia kwenye majedwali ya Shinyanga, na mdogo wake wa mwaka 2013 akaingia kwenye ya Geita, ingawa wamelala kitanda kimoja na kuchota maji kisima kimoja. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa mpya una watu takriban milioni 1.74. Ya 2022 ikakuta karibu milioni 3. Nchini kote karibu nusu ya watu ni watoto, na katika ukanda huu wapo wengi ambao hawakuzaliwa pale walipohesabiwa. Wamekuja na wazazi waliofuata dhahabu, mashamba mapya au biashara ya barabarani. Wengine wamekuja peke yao.

Basi likisimama, watoto hao ndio wa kwanza kufika dirishani na karanga, mayai ya kuchemsha na maji ya chupa. Abiria anamwona mtoto kwa dakika mbili, analipa, anaondoka. Ukisoma historia ya utafiti kuhusu watoto katika Afrika Mashariki, unagundua kwamba watu wengi waliokuja na madaftari, mizani na madodoso nao walimwona mtoto kwa muda usiozidi sana huo, kisha wakaandika. Naiandika historia hiyo kwa sababu nadhani inatudai jambo. Kila chombo cha utafiti humwona mtoto yule kilichotengenezwa kumwona, na waliotufahamisha zaidi ni wale waliokaa, au walioondoka wakarudi.

Tuanzie Zanzibar. Katikati ya miaka ya 1860 msichana wa Kiyao aitwaye Swema, mwenye umri wa miaka kama 10, alifikishwa kisiwani akiwa mtumwa, mgonjwa kiasi kwamba alizikwa angali hai. Akaokolewa, akapelekwa kwa wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa. Padre mmoja aliandika habari zake, na mwaka 1870 zikatoka Ufaransa kama kitabu kidogo cha kuwagusa waumini. Zaidi ya miaka 100 baadaye mwanahistoria Edward Alpers aliyachambua upya maelezo hayo, akikabiliana na swali ambalo halijamwacha mtafiti yeyote wa watoto tangu siku hiyo: ni maneno yapi ya mtoto, na ni yapi ya mtu mzima aliyeshika kalamu? Njaa, kifo cha mama na mwendo wa msafara vina uzito wa jambo lililoonwa kwa macho. Mahubiri yaliyopachikwa katikati yana uzito wa jambo lililopambwa kwa ajili ya msomaji wa Ulaya.

Mwaka 1887 A. C. Madan, ambaye wengi tunamjua kwa kamusi zake za Kiswahili, alitoa kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wa shule ya misheni ya Kiungani, hukohuko Zanzibar, watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Waliandika wenyewe, naye akatafsiri. Insha za shule zikageuka ushahidi wa kihistoria. Hata leo mtafiti anayewapa wanafunzi karatasi na kusema "andika siku yako ilivyokuwa" anafuata njia ya Kiungani, na anarithi kasoro yake vilevile: aliyeandika ni mtoto aliyejua kuandika, mbele ya mwalimu aliyemlisha na kumvika.

Huku bara Mapadre Weupe walifika Ushirombo, makao makuu ya Bukombe ya leo, mwaka 1891. Shirika lao liliagiza kila kituo kiweke shajara, na kila kanisa lilikuwa na rejista ya ubatizo. Katika vitabu vya aina hiyo mtoto wa Kisumbwa au Kinyamwezi anaonekana kwa mara ya kwanza kwenye karatasi: jina, umri wa kukadiria kwa macho, siku ya maji. Kisha anatoweka hadi siku ya ndoa au ya maziko. Kati ya tarehe hizo mbili, ambako ndiko utoto wenyewe ulikokuwa, ukurasa hauna neno.

Aliyeujaza ukurasa wa namna hiyo kwa Kiswahili alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo. *Desturi za Waswahili*, iliyochapishwa Göttingen mwaka 1903 chini ya usimamizi wa Carl Velten, inaeleza mimba na uzazi, malezi, michezo, chuo cha Kurani, jando na unyago. Mtoro hakuhitaji mkalimani, aliandika alichokulia. Tukitafuta mwanzo wa taaluma ya utoto katika lugha yetu, sioni kwa nini tusiutafute kwake. Jina lake linastahili kufundishwa vyuoni pamoja na Philippe Ariès, Mfaransa aliyewashtua Wazungu mwaka 1960 kwa kudai kwamba utoto kama tunavyouelewa una historia na haukuwa hivyo siku zote.

Enzi ya ukoloni wa Uingereza ilileta watu wa aina mbili. Wapo waliotaka kujua mtoto ni wa nani, na wapo waliotaka kujua mtoto anafanya nini. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alikuwa wa kundi la kwanza. Kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma cha mwaka 1953 kinamtaja mtoto kila mara, lakini kama hoja ya baraza: mahari imelipwa au haijalipwa, mtoto ni wa ukoo wa baba au wa mama, ng'ombe wangapi watamhalalisha. Ni kazi muhimu, na mahakama ziliitumia. Ila ukiisoma yote hutajua mtoto wa Kisukuma alicheza mchezo gani machungani.

Otto Raum alikuwa wa kundi la pili. Baba yake alikuwa mmisionari wa Kilutheri huko Uchaggani, naye akawa mwalimu hukohuko Kilimanjaro. Kitabu chake cha utoto wa Wachagga kilitoka mwaka 1940. Kabla yake wasomi wengi waliandika juu ya jando na unyago, kana kwamba mtoto wa Kiafrika huanza kuwepo siku ya tohara. Raum aliandika ugomvi wa mtoto na mama yake, adhabu, nyimbo, michezo ya kuigiza watu wazima, na namna watoto wanavyofundishana bila mkubwa kuwapo. Aliweza kwa sababu alikuwa na miaka mingi mahali pamoja na lugha kinywani. Nadhani hata leo ni vitabu vichache kuhusu nchi yetu vinavyompa mtoto nafasi kama ile.

Miaka ya 1950 Afrika Mashariki ikawa maabara ya dunia katika elimu ya makuzi. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954 na, akisaidiwa na mkalimani wake Katie Kibuka, akawa anatembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, saa mbili kila baada ya wiki mbili, kwa miezi kadhaa. Alikaa sebuleni, akatazama nani analia mama akitoka, nani anatambaa kumfuata, nani hajali. Nadharia ya mshikamano wa mama na mtoto, inayofundishwa leo kila chuo cha saikolojia, ilipata ushahidi wake wa kwanza wa nyumbani kwa watoto wa Kiganda. Majaribio yake maarufu ya Baltimore, Marekani, yalifuata baadaye. Kwa Wagusii wa Nyansongo nchini Kenya, Robert na Barbara LeVine walishiriki kati ya 1955 na 1957 utafiti wa jamii sita duniani ulioongozwa na John na Beatrice Whiting. Mtoto alitazamwa kwa vipande vya dakika tano, mara nyingi, mahali tofauti, na kila alichofanya na aliyekuwa naye vikaandikwa. Ulipolinganishwa na jamii nyingine, utafiti ule ulionyesha kwamba mtoto anayepewa kazi za kweli, kama kulea mdogo wake au kuchunga, hujifunza mapema kuwajibika na kuwajali wengine. Kwa msomaji wa Usukumani hilo si geni. Uzito wake ni kwamba lilipatikana kwa kutazama, si kwa kuuliza, na kwamba linatuzuia kuiita kila kazi ya mtoto unyonyaji.

Hapa lazima nisimame kwenye jambo linaloonekana dogo na ambalo limewahangaisha watafiti wa kanda hii kuliko nadharia zote: umri. Bila umri huwezi kusema mtoto amedumaa, huwezi kusema ameolewa mapema, huwezi kusema anafanya kazi iliyomzidi. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2010 ulikuta kwamba ni watoto takriban 16 tu kati ya 100 wa chini ya miaka mitano waliosajiliwa kuzaliwa kwao. Kadi ya kliniki husaidia, ikiwa haijaungua, haijaliwa na mchwa, haijaachwa kijiji cha nyuma. Isipokuwepo, karani wa utafiti hutoa kalenda ya matukio, na mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo bibi. Huyu mjukuu wako alizaliwa kabla ya MV Bukoba kuzama au baada?"

"Marahaba mwanangu. Baada."

"Zile mvua kubwa za El Niño je?"

"Zilimkuta tumboni. Mama yake alikuwa hawezi kuvuka mto kwenda kliniki."

"Na Mwalimu alipofariki?"

"Alikuwa anakimbia huyu. Alikuwa anamwaga maji ndani ya nyumba."

Meli ilizama Mei 1996. Mvua zilianza mwishoni mwa 1997. Mwalimu Nyerere alifariki Oktoba 1999. Mtoto amepatikana: amezaliwa miezi ya mwanzo ya 1998. Majina nayo hutoa msaada katika Usukuma. Mabula na Kabula ni watoto wa mvua, Maige ni wa nzige, na Shija hukueleza kwamba kabla yake walizaliwa Kulwa na Doto. Karani aliyekulia hapa huyasikia hayo papo hapo. Aliyeletwa kutoka mbali huandika "umri haujulikani" na kugeuza ukurasa. Baadaye Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ulihamishia usajili wa watoto kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ukaanzia Mbeya mwaka 2013 na kufika Shinyanga na Geita. Ni hatua ambayo watafiti wa kesho wataishukuru kuliko programu yoyote ya kompyuta.

Umri ndio pia unaobeba takwimu iliyoifanya Shinyanga ijulikane vibaya: katika utafiti uleule wa 2010, asilimia 59 ya wanawake wa mkoa huo wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Angalia namba hiyo ilivyopatikana. Anayejibu ni mwanamke mzima anayekumbuka. Bibi arusi wa miaka 14 wa siku ileile hayumo, kwa sababu dodoso la wanawake huanzia miaka 15. Tunajua habari za ndoa za utotoni kwa kuchelewa kwa miaka kadhaa, na kwa wale waliofika salama umri wa kuulizwa.

Kuhusu swali la kama mtoto au kijana husema kweli anapoulizwa, Geita ina nafasi ya heshima katika taaluma ya dunia, na ni wachache nyumbani wanaolijua hilo. Mwaka 1998 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na AMREF na Chuo cha Usafi na Tiba ya Tropiki cha London, walianzisha jaribio la MEMA kwa Vijana katika jamii 20 za mkoa wa Mwanza wa wakati huo, katika wilaya za Geita, Sengerema, Misungwi na Kwimba. Wanafunzi 9,645 wa shule za msingi waliandikishwa. Lengo lilikuwa kupima kama elimu ya afya ya uzazi shuleni inapunguza maambukizi ya Ukimwi. Kando ya jaribio, Mary Plummer na wenzake wakafanya jambo la kijasiri: walipima vipimo vyao wenyewe. Swali moja, kama kijana amewahi kufanya mapenzi, lilifuatiliwa kwa njia tano: vipimo vya maabara, dodoso la ana kwa ana, dodoso la kujaza mwenyewe kwa kusaidiwa, mahojiano ya kina, na kuishi kijijini na kutazama.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2004, yanapaswa kubandikwa ukutani kwa kila anayetaka kuwahoji vijana. Miongoni mwa wale ambao maabara ilithibitisha kuwa wameshafanya mapenzi, kwa mimba au kwa ugonjwa, ni asilimia 58 tu ya wavulana na 29 ya wasichana waliokiri katika madodoso yote mawili. Wasichana sita waliokuwa na magonjwa ya zinaa walihojiwa pia kwa kina. Kwenye dodoso la ana kwa ana mmoja tu kati yao alikuwa amekiri. Katika mazungumzo marefu na mtu waliyemzoea, walikiri watano. Hawakuwa waongo. Msichana wa darasa la sita wa wakati ule alijua mimba ilimfukuzisha mtu shule, alijua mgeni mwenye karatasi angeweza kuwa rafiki wa mwalimu mkuu, naye akajilinda kwa jibu aliloona salama.

Waliokaa vijijini walikuwa wahitimu vijana wa Afrika Mashariki wenyewe. Waliishi kwenye nyumba za wenyeji katika vijiji tisa, wakalima, wakaenda kisimani, minadani na kwenye ngoma. Jumla ya muda wao ilikuwa wiki 158. Walichokiona usiku baada ya mnada hakikuwa kwenye dodoso lolote. Daniel Wight, Joyce Wamoyi wa NIMR Mwanza na wenzao waliandika kutokana na kazi hiyo juu ya kanuni zinazopingana ambazo kijana wa Kisukuma anaishi nazo, na juu ya zawadi na fedha katika mapenzi ya vijana. Siioni sababu ya utafiti wa vijana katika kanda hii kurudi kwenye dodoso la dakika 20 kana kwamba haya hayakugunduliwa hapahapa.

Sasa tuje kwenye kazi, maana ukanda wa dhahabu hauwezi kuzungumziwa bila kazi za watoto. Machimbo ya Geita yalifunguliwa kwa kampuni miaka ya 1930, yakafungwa miaka ya 1960, yakafunguliwa tena mwaka 2000. Katikati na kandokando, wachimbaji wadogo hawakuacha. Mtoto katika machimbo yao huonekana kwenye karasha akivunja mawe, kwenye mwalo akiosha mchanga, kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la kuchimbia, akivuta kamba, au ndani ya duara lenyewe. Huonekana pia akiuza vitumbua kwa wachimbaji, na hiyo huwa haiandikwi kama kazi ya mgodini.

Kuhesabu ndiko kuliko na mtego. Kati ya 2007 na 2008 watafiti wa Benki ya Dunia na wenzao, akiwemo Kathleen Beegle, walifanya jaribio katika wilaya saba za Tanzania, mojawapo ikiwa mkoani Shinyanga na mbili Kagera. Waligawa kaya kwa bahati nasibu. Kaya nyingine zilipewa maswali mafupi kuhusu kazi za watoto, nyingine maswali marefu yenye ufafanuzi. Baadhi ya watoto walijibu wenyewe, wengine walijibiwa na mtu mzima wa nyumbani. Urefu wa maswali ulibadilisha kiwango cha watoto wanaofanya kazi kwa namna inayoonekana wazi. Nani alijibu hakukubadilisha sana. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza lilinisumbua, maana wote tunaopenda kusema "muulize mtoto mwenyewe" tungetarajia kinyume. Lakini fikiria mtoto na baba yake wanaulizwa: "Wiki iliyopita alifanya kazi yoyote?" Wote wawili watajibu hapana, kwa sababu kazi kwao ni ajira. Uliza tena: alichota maji ya kuoshea mchanga? Alibeba kifusi? Alichunga? Aliuza chochote stendi? Hapo wote wawili wataanza kuhesabu. Kuheshimu sauti ya mtoto ni pamoja na kumuuliza kwa maneno ya siku yake.

Utafiti wa kitaifa wa utumikishwaji wa watoto wa mwaka 2014 ulikuta watoto wapatao milioni 4.2 wa miaka 5 hadi 17, karibu asilimia 29, wakiwa katika ajira ya watoto. Ni namba kubwa, na ni ya kaya. Karani hugonga mlango wa nyumba iliyoorodheshwa na kuuliza nani amelala hapa. Mvulana anayelala kwenye turubai karibu na duara, pamoja na wachimbaji wengine, kwenye rashi, machimbo mapya ya muda, ambayo mwezi uliopita ilikuwa msitu na mwezi ujao itakuwa mashimo matupu, hana mlango wa kugongwa.

Human Rights Watch walimtafuta mtoto huyo kwa njia nyingine. Ripoti yao ya Agosti 2013 ilitokana na ziara kwenye maeneo 11 ya wachimbaji wadogo katika Chunya, Geita na Kahama, na mazungumzo na watu zaidi ya 200, kati yao watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi migodini, wengine wenye umri wa miaka minane tu. Majina yalibadilishwa. Watoto walieleza jinsi wanavyochanganya zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma kwenye moto wa wazi, walieleza kuporomoka kwa kuta za duara, na wasichana walieleza wanayofanyiwa na wanaume wa machimboni. Njia hii haitoi asilimia. Watoto 61 hawawakilishi mkoa. Inatoa namna jambo linavyotokea, hatua kwa hatua, na hilo ndilo jedwali halijui.

Zebaki yenyewe ina njia yake ya kuhojiwa. Mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa zebaki, madaktari walichukua damu, mkojo na nywele za watu wa Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji wilayani Geita, wakawalinganisha na watu wa Katoro. Walipima pia kutetemeka kwa mikono na usawa wa mwendo. Mwili hujibu bila kuogopa mwalimu mkuu. Hata hivyo kuchukua damu katika Afrika Mashariki kuna historia yake. Hofu ya mumiani, wanaodaiwa kunyonya watu damu, ambayo mwanahistoria Luise White aliiandikia kitabu kizima mwaka 2000, ilikuwa ikizungumzwa katika nchi zetu tangu enzi za ukoloni, na mgeni mwenye sindano anayetaka watoto wa watu hana budi kuijua. Si ujinga wa wanakijiji. Ni watu waliowahi kuchukuliwa vitu bila kuelezwa vinakwenda wapi. Na tangu mauaji ya watu wenye ualbino yalipotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007, hadi watoto wakakusanywa kwenye kituo cha Buhangija mjini Shinyanga kwa usalama wao, ramani ya utafiti yenye nukta inayoonyesha mtoto fulani anaishi wapi imekuwa jambo la kufa na kupona.

Kwa upande wa usalama wa anayehojiwa, kipimo kizuri tulichonacho ni utafiti wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009, uliofanywa na UNICEF, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili, matokeo yakitangazwa mwaka 2011. Vijana 3,739 wa miaka 13 hadi 24 walihojiwa. Wasichana walihojiwa katika maeneo tofauti na ya wavulana, ili mtenda ukatili na mtendewa wa mtaa mmoja wasiulizwe maswali yaleyale siku moja. Mkuu wa kaya alielezwa utafiti kwa ujumla wake tu; maelezo kamili alipewa kijana peke yake, faraghani. Kulikuwa na utaratibu wa kumpeleka kwenye msaada aliyeuhitaji. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Serikali ilikubali kuyatangaza matokeo hayo, na nchi nyingine za Afrika zikaja kujifunza. Ni ujasiri unaostahili kukumbukwa.

Uwezo nao, mpango wa kupima kama watoto wanajifunza, kuanzia 2010 walifanya jambo rahisi na la maana: kumfuata mtoto nyumbani badala ya shuleni na kumpa aya ya darasa la pili asome. Mwanzoni ni watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili. Aliyeacha shule naye alihesabiwa.

Lakini kazi ninayoitamani zaidi kwa ukanda wa dhahabu ilifanyika jirani, ng'ambo ya mpaka wa Biharamulo. Kati ya 1991 na 1994, Ukimwi ukiwa unaiteketeza Kagera, Benki ya Dunia na Muhimbili walizitembelea kaya zaidi ya 900 mara nne. Mwaka 2004 timu ya watafiti wa EDI ya Bukoba, akiwemo Joachim De Weerdt, ilianza kuwatafuta watu walewale. Watoto wa 1991 walikuwa wameoa, wamehamia Mwanza na Dar es Salaam, wamevuka kwenda Uganda. Timu iliuliza ndugu, majirani, wajumbe wa nyumba kumi. Ikapanda mabasi kuwafuata. Iliwapata watu wa kaya 93 kati ya kila 100, na mwaka 2010 ikarudi tena kwa mafanikio karibu sawa na hayo.

Kilichopatikana hakikuweza kupatikana kwa njia nyingine. Watoto ambao mwanzoni wazazi wao wote walikuwa hai, wakaja kufiwa na mama kabla ya miaka 15, walipopimwa wakiwa wakubwa walikuwa wafupi kwa sentimita 2 na wamesoma mwaka mmoja pungufu kuliko ambavyo wangekuwa. Jeraha la utotoni lilikuwa bado limo ndani ya mtu mzima. Na waliohama kijijini walikuwa wameinuka kimaisha kwa kasi kubwa kuliko ndugu zao waliobaki, kwa hiyo utafiti ambao ungewahoji waliobaki tu ungeidanganya nchi juu ya kizazi kizima.

Mtoto wa machimboni anahitaji kufuatwa hivyo, na kwake ni vigumu maradufu. Utaratibu wa maadili chini ya NIMR unataka ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na ya mtoto mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda hadi miaka 18. Lakini mvulana wa miaka 13 aliyekuja peke yake kutoka Kahama, ni nani wa kumtilia sahihi? Mwenye duara hafai; ndiye anayefaidika naye. Afisa ustawi wa jamii yuko makao makuu ya wilaya, na nauli ya kumleta inafaa iwemo kwenye bajeti ya utafiti tangu siku ya kwanza. Fomu ya kumtafuta baadaye haiwezi kuishia kwenye jina la shule na kijiji, maana machimboni watu hujulikana kwa majina ya utani na kwa kazi zao: mpiga karasha fulani, dogo wa mwalo wa chini. Iandikwe anakula kwa nani, nani humtunzia fedha, anaposema "nyumbani" anamaanisha wapi, na ni bodaboda gani humpeleka huko. Mtoto aliyekuwa na miaka minane wakati wa mahojiano ya ripoti ile ya 2013 ameshavuka 18. Anayetaka kujua leo kama mikono yake inatetemeka atalazimika kwanza kumpata mama lishe aliyekuwa akimkopesha ugali, na huyo naye huenda ameshahamia rashi nyingine.